Mcheza Kwao Hutunzwa: Fedha za Umma, Mlango wa Ukumbi na Historia ya Tamthilia nchini Kenya

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kurudia kauli kwamba tamthilia hiyo ni ya kusomwa zaidi kuliko ya kuigizwa. Aghalabu kauli hii hutolewa kama lawama. Mtunzi hushutumiwa kwa kuandika mazungumzo marefu, kwa kuwafanya wahusika wajieleze mno, na kwa kulisahau jukwaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo, japo ina ukweli fulani, imeelekezwa pasipostahili. Sura ya tamthilia haiamuliwi na kipaji cha mtunzi peke yake. Huamuliwa pia na majibu ya maswali matatu ambayo uhakiki wa fani umeyapa nafasi ndogo: ni nani anayelipa gharama za utendaji, ni nani anayeshika ufunguo wa ukumbi, na ni nani anayeruhusiwa kuingia.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufasiriwa kwa kawaida kama wito wa kupenda kwenu, lakini ndani yake mna nadharia fupi ya uchumi wa sanaa. Kuna mcheza, kuna tuzo, na kuna mahali panapoitwa kwao. Tuzo bila kwao humfanya msanii kuwa mtumishi wa mgeni. Kwao bila tuzo humchosha na hatimaye humnyamazisha. Historia ya sanaa za maonyesho nchini Kenya tangu miaka ya 1950 inaweza kusomwa kama historia ya mambo hayo mawili kutenganishwa: fedha za umma zilikwenda mahali ambapo umma haukufika, na umma ulikusanyika mahali ambapo fedha za umma hazikufika.

Tuzo kabla ya Ruzuku

Ni kosa kudhani kwamba suala la kugharimia sanaa liliingia Afrika Mashariki pamoja na serikali ya kikoloni. Katika mwambao wa Waswahili, mtunzi na mcheza ngoma walikuwa na wafadhili wao karne nyingi kabla ya neno ruzuku kupata maana yake ya kiserikali. Utenzi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa tendi kongwe zaidi zilizohifadhiwa na ambao hati yake inahusishwa na mwaka 1728, ulitungwa na Mwengo wa Athumani katika mazingira ya jumba la kifalme la Pate. Ngoma za arusi na za mitaa nazo zilitegemea desturi ya kutuza, ambapo mtazamaji huinuka na kumpa mcheza fedha mbele ya watu wote.

Ngoma ya beni iliyoenea mwambaoni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ilipanua desturi hiyo. Mjini Mombasa, vyama shindani kama vile Kingi na Scotchi vilikusanya michango ya wanachama, vikawatafuta wafadhili wenye mali, vikashona sare, vikanunua ala na kuandaa karamu. Ushindani ulikuwa mkali, na gharama zake ziliwaelemea baadhi ya waliozibeba. Hata hivyo, onyesho lenyewe lilifanyika barabarani na uwanjani, na barabara haina mlango. Aliyechanga alitazama, na asiyechanga alitazama.

Mfumo huu haupaswi kutukuzwa kupita kiasi. Mtunzi aliyekula mezani kwa mfalme alijua mipaka ya ulimi wake, na ngoma iliyomtegemea tajiri ilimsifu tajiri. Funzo linalofaa kubebwa kutoka hapa ni kwamba mahali pa onyesho palikuwa pa watu wote hata pale ambapo fedha zilikuwa za wachache. Ujenzi wa ukumbi wa kisasa uliugeuza utaratibu huo.

Ukumbi wa 1952

Kituo cha Utamaduni cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1951, na ukumbi wake, Kenya National Theatre, ukafunguliwa Novemba 1952. Aliyeufungua alikuwa mwigizaji Mwingereza, Ralph Richardson. Wiki chache kabla ya sherehe hiyo, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Basi jengo lililoitwa la taifa lilifungua milango wakati ambapo wengi wa wananchi wa taifa hilo hawakuruhusiwa kutembea usiku mjini Nairobi, kukusanyika bila kibali, wala kusafiri bila pasi.

Mahali lilipojengwa pana maana yake. Ukumbi unatazamana na Hoteli ya Norfolk, makao ya starehe ya walowezi, na hauko mbali na mahali ambapo, Machi 1922, waandamanaji waliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku walipigwa risasi. Ng'ambo ya pili ni eneo la chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyetaka kuufikia ukumbi huo kutoka Pumwani, Kaloleni au Makongeni ilimlazimu kuvuka mji uliogawanywa kwa rangi. Lugha ya maonyesho ilikuwa Kiingereza, na repertua yake ilikuwa ya vichekesho, muziki na drama za Ulaya. Pamoja na Donovan Maule Theatre, iliyowahudumia walowezi kwa mfumo wa klabu ya wanachama, ukumbi wa taifa uliwapa wageni wachache kionjo cha London wakiwa katika nyanda za juu za Afrika.

Jambo la msingi kwa hoja ya makala haya ni kwamba ukumbi huu haukuwa mali ya mtu binafsi. Ulisimama kwa mujibu wa sheria, juu ya ardhi ya umma, chini ya baraza lililoteuliwa. Kwa maneno mengine, Kenya ilikuwa na taasisi ya umma ya sanaa tangu mwaka 1952. Swali la kihistoria, kwa hiyo, linahusu ni umma gani uliokusudiwa ilipojengwa.

Kitabu bila Ukumbi

Wakati ukumbi wa taifa ulipokuwa ukiigiza kwa Kiingereza, tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa ilikuwa ikizaliwa mahali pengine. Katika shule ya Alliance, ambako Shakespeare aliigizwa kila mwaka kwa Kiingereza, wanafunzi walianza kutunga michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria ilichapishwa mwaka 1957. Michezo mingine iliyotokana na mazingira hayo hayo ni Maisha ni Nini ya Kimani Nyoike na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, iliyochapishwa mwaka 1961. Katika kipindi hicho pia Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulikia muziki na drama katika utumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zote mwaka 1957.

Uhakiki umeidharau michezo hii kwa wepesi wa maudhui yake: mapenzi, mahari, ulevi, tamaa ya fedha mjini. Dharau hiyo inasahau jinsi ilivyoigizwa. Michezo ya wanafunzi ilitoka shuleni ikaenda kwenye kumbi za jamii zilizojengwa na mabaraza ya miji, kama ule wa Menengai mjini Nakuru. Humo iliwakuta wafanyakazi, makarani na familia zao, watu wa makabila mbalimbali waliokuwa na Kiswahili kuwa lugha yao ya pamoja. Kwa muda mfupi, kwao na mcheza vilikutana. Kilichokosekana ni tuzo: hapakuwa na kundi la kudumu, wala mshahara wa mwelekezi, wala bajeti ya kuifanya safari ya likizo moja kuwa desturi.

Mchango wa serikali katika hatua hii ulikuwa wa namna nyingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa fedha za umma, iliwapa watunzi nafasi ya kuchapishwa. Ni haki kukiri kwamba bila taasisi hiyo baadhi ya michezo hii ingepotea. Lakini uamuzi wa kugharimia kitabu bila kugharimia utendaji uliacha alama ya kudumu. Tamthilia ya Kiingereza ilipewa jengo, na tamthilia ya Kiswahili ikapewa karatasi. Mgawanyo huo ulifanyika kabla ya wengi wa watunzi wanaolaumiwa leo kushika kalamu.

Mlango Unapofungwa: 1976 hadi 1982

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha bendera upesi kuliko ulivyobadilisha kalenda ya ukumbi. Mwaka 1968 Seth Adagala alikuwa Mwafrika wa kwanza kuuongoza ukumbi wa taifa, na juhudi za kuwafunza waigizaji wa Kenya zikaanza. Hata hivyo, baraza la Kituo cha Utamaduni liliendelea kwa miaka mingi kuwa na sauti kubwa ya wageni, na British Council iliendelea kuwa na nafasi katika uendeshaji wake.

Mgogoro ulijitokeza wazi Oktoba 1976. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwenda Lagos kwa tamasha la FESTAC la mwaka 1977, na michezo miwili ilichaguliwa kuiwakilisha nchi: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Ilipoombwa nafasi ya kuionyesha michezo hiyo nyumbani kwanza, ilibainika kwamba siku nyingi za msimu zilikuwa zimetengewa maonyesho ya kigeni, yakiwemo ya baleti ya Kifaransa. Michezo ya Kenya ilipewa siku chache tu. Ukumbi ulijaa. Katika mchezo wa Kimathi, hadhira iliungana na waigizaji katika wimbo na ngoma ya mwisho na kutoka nje pamoja nao.

Tukio hili limejadiliwa sana kama mfano wa ukoloni mamboleo katika utamaduni. Linafaa pia kutazamwa kwa jicho la mhasibu. Kundi lililokwenda Lagos liliteuliwa rasmi kuiwakilisha nchi. Serikali, kwa hiyo, ilikuwa tayari kugharimia sanaa ya Kenya ionekane ugenini huku ukumbi wa taifa ukishindwa kuitengea majuma machache nyumbani. Hapa ndipo penye tofauti kati ya fedha na fursa. Kuwepo kwa mfuko hakuhakikishi kuwepo kwa mlango.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilikuwa jibu la swali hilo kutoka upande wa pili. Wanakijiji, wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, walikuwa na ekari 4 za ardhi zilizotengewa kituo cha vijana, na juu yake banda bovu la udongo lililotumika kwa masomo ya watu wazima. Mwaka 1977 walijijengea ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, kwa kazi ya mikono yao na michango yao. Ngaahika Ndeenda ilianza kuonyeshwa huko tarehe 2 Oktoba 1977 kwa lugha ya Gĩkũyũ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na watazamaji walisahihisha maneno, nyimbo na mienendo ya wahusika. Mnamo Novemba mwaka huo kibali cha maonyesho kilifutwa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Kundi lilijaribu tena mwaka 1982 kwa mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, na mara hii liliomba kuuonyesha katika ukumbi wa taifa Februari mwaka huo. Milango ilifungwa. Waigizaji wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuendelea na mazoezi, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo, kwani hayo ndiyo yaliyopatikana. Machi 1982 kundi lilipigwa marufuku na ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, Kamĩrĩĩthũ inabomoa dhana kwamba umma wa Kenya haukuwa na hamu ya drama. Watu waliolipia jengo lao wenyewe hawahitaji kuthibitisha hamu. Pili, inaonyesha udhaifu wa sanaa iliyokosa ngao ya taasisi ya umma. Jasho la wanakijiji lilitosha kuuinua ukumbi lakini halikutosha kuuzuia usibomolewe. Wanaosema kwamba jamii zijitegemee kisanaa na serikali ijiweke kando hawana budi kukumbuka kwamba Limuru serikali haikujiweka kando. Ilifika bila ruzuku.

Sanaa Iliyosafiri

Kati ya ukumbi wa taifa wenye jengo bila umma na Kamĩrĩĩthũ yenye umma bila ulinzi, kulikuwa na njia ya tatu ambayo wanahistoria wa fasihi wameipa kurasa chache. Njia hiyo ilipita katika vyuo na shule.

Katikati ya miaka ya 1960, Makerere, wakati huo ikiwa chuo kishiriki cha University of East Africa pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, ilianzisha kundi la wanafunzi lililosafiri na kuigiza bila kutoza kiingilio. Wazo hilo lilifika Nairobi. Mwaka 1974 Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzisha Free Travelling Theatre, ambayo mwandishi wa Uganda, John Ruganda, alikuwa miongoni mwa waliyoijenga. Neno "free" katika jina lake lilikuwa na maana ya moja kwa moja: mtazamaji hakulipa. Chuo kilikuwa kimekwisha kulipa, na chuo kililipwa na mlipakodi. Mkulima aliyetazama mchezo katika uwanja wa shule ya mbali alikuwa akipokea, pengine kwa mara ya kwanza, sehemu ya kodi yake ikiwa katika umbo la sanaa.

Tamasha la drama la shule na vyuo lilianza mwaka 1959 likiwa chombo cha kukuza Kiingereza cha matamshi mazuri, na kwa miongo miwili fainali zake zilifanyika katika ukumbi wa taifa. Waalimu na wakaguzi Wakenya walipochukua hatamu, tamasha lilibadilika. Mapema miaka ya 1980 fainali zilianza kuzunguka mikoani. Lugha zikaongezeka, na ngoma, mashairi na masimulizi yakapata vitengo vyake. Hakuna kundi la kulipwa lililowahi kuigiza mbele ya Wakenya wengi kama wanafunzi hawa, wala hakuna chuo cha uigizaji kilichowalea watunzi na waelekezi wengi kama tamasha hili. Hata hivyo tamasha halikuhesabiwa kama ruzuku kwa sanaa. Lilihesabiwa chini ya elimu, nalo lilinusurika kwa sababu hiyo.

Linganisho na vyombo vilivyotambuliwa rasmi kuwa vya utamaduni linaangaza jambo hili. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 ili kuhifadhi ngoma za jamii mbalimbali, lakini ilianzishwa chini ya mkono wa utalii, na ratiba yake iliwekwa kwa kumfikiria mgeni aliye safarini. Kwaya kubwa za miaka ya 1980, zilizoimba katika sikukuu za taifa, zilipata usafiri, sare na nafasi redioni, kwa sharti ambalo halikuhitaji kuandikwa. Kwa hiyo si kweli kwamba serikali haikuwa na fedha za sanaa. Ilikuwa nazo kwa ajili ya mtalii na kwa ajili ya sifa.

Funzo la Tanzania

Jirani ya kusini hutajwa mara nyingi kama mfano wa kuigwa, kwa sababu huko Kiswahili kilipewa kile ambacho kilikosa Kenya. Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Kundi la ngoma la taifa lilifuata mwaka 1963, na kundi la drama la taifa katika miaka ya 1970. Makundi hayo yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nafasi yao ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho, na ni katika mazingira hayo ambamo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilizaliwa, ikachapishwa mwaka 1969, na ambamo Penina Muhando na Amandina Lihamba walitunga, wakaelekeza na kufundisha.

Tofauti ya kifani inaonekana. Harakati za Ukombozi ya Lihamba, Muhando na Balisidya (1982) ni kazi iliyoandikwa na watu walioyajua mazoezi: nyimbo, ngoma na miondoko si mapambo bali ni mwili wa mchezo. Watunzi hao hawakuwa na kipaji kilichowakosa wenzao wa Kenya. Walikuwa na chumba cha mazoezi, waigizaji, na hadhira iliyokuja kutazama kwa lugha yake.

Lakini Tanzania inafundisha pia hatari ya upande wa pili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera na michezo mingi ya mashuleni na viwandani iligeuka kuwa mwangwi wa hotuba. Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando mwenyewe, alitambua mapema kwamba sanaa inayopelekwa kwa wananchi kutoka juu hubaki kuwa amri iliyovikwa ngoma. Kazi ya maonyesho ya maendeleo ambayo yeye na wenzake waliifanya vijijini katika miaka ya 1980 ilikuwa jaribio la kurekebisha kasoro hiyo: fedha zitoke nje ya kijiji, lakini mada na hukumu vitoke ndani yake. Ruzuku isiyoambatana na uhuru wa kusema hununua makofi. Ukweli huo haufuti haja ya ruzuku, bali unaiwekea sharti.

Mtaala kama Mfadhili

Kwa kuwa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya haikupewa ukumbi, ilitafuta mfadhili kwingine, nayo ikampata darasani. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, na mtihani wa KCSE ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kitabu teule cha tamthilia kimekuwa na hadhira ambayo hakuna ukumbi ungeweza kuibeba. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha, pia ya Arege, zimesomwa kwa zamu na vizazi vizima vya wanafunzi. Huu ndio ufadhili mkubwa zaidi ambao umma wa Kenya umewahi kuitolea tamthilia kwa lugha yoyote.

Manufaa yake hayapaswi kubezwa. Mtoto wa mchungaji wa Marsabit na mtoto wa wakili wa Nairobi husoma mchezo mmoja katika mwaka mmoja. Tamthilia zinazohoji madaraka, ambazo huenda zingenyimwa kibali cha jukwaani katika miaka ya 1980, zimefundishwa madarasani kwa idhini ya serikali. Kwa upande wa usawa wa kufikia kazi ya fasihi, ukumbi wa taifa haukuwahi kukaribia hali hiyo.

Lakini kila mfadhili ana ladha yake, na mtihani una ladha kali. Mtahiniwa huulizwa aeleze muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Huulizwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Haulizwi kimya kinadumu kwa muda gani jukwaani, wala mwili wa mwigizaji unasema nini mdomo unapofungwa. Mtunzi mwenye busara hujifunza upesi. Huweka methali na tashbihi mahali zinapoweza kudondolewa, huwafanya wahusika wayataje maudhui kwa ndimi zao, na hugawa maonyesho kwa urefu unaofaa kipindi cha darasa. Wahakiki wanaouita mtindo huu udhaifu wa kisanaa wanaeleza athari na kuacha chanzo. Mcheza ametunzwa na darasa, naye amecheza kwa mwendo wa darasa.

Ushahidi kwamba kiu ya utendaji haikufa ni makundi ya kibinafsi yanayozunguka shuleni na kuigiza vitabu teule kwa ada inayotolewa na wanafunzi. Makundi haya yameajiri waigizaji wengi chipukizi, lakini yanatoza, na shule isiyo na uwezo hukosa. Hivyo hivyo, katika miaka ya 1990 Wahome Mutahi na wenzake waliipeleka drama ya Gĩkũyũ katika baa za Nairobi na Kenya ya Kati, ambako iliwavutia watu ambao hawangekwenda kwenye ukumbi wa taifa. Ulikuwa ubunifu wa kupongezwa, lakini baa nayo ina mlango wake: watoto hawaingii, na asiye na bei ya kinywaji hubaki nje.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 11 inaiagiza serikali kukuza utamaduni kwa njia ya fasihi na sanaa, na ibara ya 33 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Jedwali la 4 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kwa mara ya kwanza, tuzo na kwao vimewekwa katika hati moja. Ukumbi wa taifa ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015 kwa msaada mkubwa wa kampuni ya bia, na Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa humo kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliishi kuliona jambo hilo.

Ushindi huo ni wa kweli, lakini haujakamilika. Mchezo uliotungwa ili maskini waingie sasa unatazamwa kwa tiketi katika jengo lililotengenezwa kwa faida ya pombe, hali ekari zile za Limuru hazijarudishiwa ukumbi uliobomolewa. Kipimo cha ufadhili wa umma hakiwezi kuwa uzuri wa viti vya Nairobi. Kipimo chake ni umbali ambao mtu hulazimika kwenda, na fedha anazolazimika kuwa nazo, ili atazame mchezo kwa lugha anayoielewa. Kwa kipimo hicho, basi la wanafunzi la mwaka 1974 lilifanya zaidi ya jengo la mwaka 1952.

Kwa uhakiki wa fasihi, matokeo ya mjadala huu ni ya kimbinu. Haitoshi kuihukumu tamthilia kwa matini yake peke yake, kana kwamba kila mtunzi alipewa jukwaa na akachagua kulipuuza. Mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyelipa, ni nani aliyefungua, na ni nani aliyeachwa nje. Siku ambapo kaunti zitaajiri waelekezi kama zinavyoajiri maafisa wa kilimo, na kumbi za jamii zilizosahauliwa kufagiliwa na kuwashwa taa, ndipo itakapobainika kama tamthilia ya Kiswahili ya Kenya kweli ni ya kusomwa tu. Kwa sasa, kinachojulikana ni kwamba haijapata kupewa nafasi ya kudumu ya kuwa kitu kingine.